Kocha, Ni Pesa Ngapi?

Kabla ya kuwa mtu, kocha alikuwa gari. Huko Hungaria kuna kijiji kiitwacho Kocs, na katika karne ya 15 mafundi wake walisifika kwa kuunda magari mepesi ya kukokotwa na farasi. Jina la kijiji likawa jina la gari, likasambaa Ulaya hadi likaingia katika Kiingereza. Miaka ya 1830 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Oxford wakaanza kulitumia kwa utani kumwita mwalimu wa pembeni, yule anayelipwa kukusaidia upite mtihani. Unampanda, anakufikisha. Baadaye neno likahamia kwenye michezo, na kutoka viwanjani likatufikia sisi. Ndiyo maana nikiwaambia watu hapa Nairobi kwamba mimi ni kocha, swali la kwanza huwa, "Wa timu gani?"

Sina timu. Nafundisha watu kuzungumza mbele ya watu: mahojiano ya kazi, hotuba za harusi, mikutano ya vyama, kuomba mtaji. Nilianza mwaka jana baada ya kandarasi yangu ya kazi kuisha. Watu wakishaelewa kazi yenyewe, swali la pili ni pesa ngapi, na hilo ndilo lililoninyima usingizi. Ukitaja bei ya juu, mteja anapotea. Ukitaja ya chini, mwezi unaisha kodi haijalipwa, na pia yule mteja anaanza kushuku kwamba huna chochote cha kumfundisha.

Ushauri haukosekani. Fungua simu utaambiwa ujue thamani yako. Mwingine atakwambia uzidishe bei mara mbili, mwingine uanze bure ili ujenge jina. Lakini thamani yangu ni nini, na ninaipimia wapi? Hata gari lina nauli, na nauli ya matatu tunaielewa sote: ikiharibika pale Roysambu, abiria wanateremka wakidai pesa zao. Sheria hiyo haijabandikwa popote na kila mtu anaijua. Gari la aina yangu likiharibika njiani, nani anamrudishia nani?

Aliyeniuliza hivyo waziwazi ni mteja wangu wa kwanza wa kulipa, mama anayeuza mitumba Gikomba. Alitaka kugombea uongozi wa chama chao cha akiba na mikopo, na kwenye mkutano mkuu kila mgombea hupewa dakika tano. Nilimtajia elfu nne kwa kipindi cha saa moja, vipindi sita. Hakushtuka. Aliuliza tu, "Sasa kocha, nikisimama pale nishikwe na kigugumizi, hizo pesa ni nani atanirudishia?"

Nikamwuliza, "Na wewe mama, ukinunua mtumba mbovu, nani hukurudishia?"

Akacheka. "Mtumba nanunua ukiwa umefungwa. Nikifungua nipate vitu zimechanika, hiyo ni hasara yangu. Lakini huyo anayeniuzia nimemjua miaka kumi na mbili. Wewe bado sijakufungua."

Aliyezunguka Gikomba anajua mtumba mmoja hauna bei moja. Ukifunguliwa tu, wa kwanza kuchagua hulipa zaidi na kuondoka na kamera, zile nguo safi. Wa mwisho hununua fagia kwa bei ya kutupa. Nguo zimetoka kwenye furushi lilelile. Kinachotofautisha bei ni nani aliyekubali kubeba hatari, na kwa kiasi gani. Yule mama hakuwa ananipunguzia bei. Alikuwa ananiambia kwamba nimempa hatari yote abebe yeye, na hanijui.

Nikaenda kutafuta waliouza kazi kama yangu zamani walijibu vipi. Nimekuta kwamba kila namna ya kumlipa mwalimu ni jibu la swali la yule mama.

Tuanze Athens, karne ya 5 kabla ya Kristo, kwa sababu huko ndiko watu walifundisha hasa ninachofundisha mimi. Kesi zilisikizwa na mamia ya raia kwa pamoja, na hapakuwa na wakili wa kusimama badala yako. Ulijisemea mwenyewe. Asiyejua kusema angeweza kupoteza shamba, au hata uhai. Basi wakatokea walimu waliosafiri mji hadi mji wakiuza ufundi wa kusema, nao wakaitwa wasofisti. Katika kitabu cha Plato cha kumtetea Socrates, anatajwa Evenus wa Paros aliyetoza mina 5. Mina moja ilikuwa drakma 100. Mwishoni mwa karne hiyo, mafundi waliojenga hekalu la Erechtheion walilipwa takriban drakma 1 kwa siku. Piga hesabu: mafunzo ya Evenus yalikuwa siku 500 za fundi wa mawe. Na Plato anamtaja kama mwenye bei ya wastani!

Aliyenishangaza zaidi ni Protagoras, aliyekuwa maarufu kuliko wote. Plato anamwonyesha akieleza utaratibu wake. Mwanafunzi akimaliza, kama anaona bei ni sawa analipa. Kama anaona ni kubwa, anaingia hekaluni, anaapa mafunzo yale yana thamani gani kwake, halafu analipa kiasi hicho. Leo tungesema lipa unavyojisikia, ila huyu aliweka miungu kuwa mashahidi. Hatari yote aliibeba yeye, na aliweza kuibeba kwa sababu alikuwa Protagoras. Jina lake lilishamlipia kodi.

Kuna kisa kingine kumhusu, kilichoandikwa na Mroma Aulus Gellius karne nyingi baadaye, na kinafaa zaidi kusomwa kama fumbo kuliko kama taarifa ya mahakama. Kijana Euathlus alikubaliana na Protagoras alipe nusu mwanzoni na nusu siku atakaposhinda kesi yake ya kwanza. Akafundishwa, akahitimu, halafu akakaa. Hakuchukua kesi yoyote. Protagoras akamshtaki akisema: nikishinda mimi utalipa kwa amri ya mahakama, ukishinda wewe utalipa kwa mapatano yetu, maana utakuwa umeshinda kesi yako ya kwanza. Kijana akamgeuzia: nikishinda, mahakama itakuwa imesema silipi, nikishindwa, bado sijashinda kesi, kwa hiyo silipi. Mahakimu wakaiahirisha. Walimu wa mantiki wanakipenda kisa hiki kwa ule mzunguko wake. Mimi nilikisoma kama mtu anayesubiri M-Pesa. Ukifunga malipo yako kwenye jambo ambalo mwanafunzi anaweza kukaa tu asilifanye, au ambalo liko mikononi mwa mtu wa tatu, umejinyonga kwa kamba uliyoisokota mwenyewe.

Kizazi kilichofuata kilikuwa na kelele zilezile tunazozisikia leo. Isocrates alipofungua shule yake mwanzoni mwa karne ya 4 aliandika kuwashambulia walimu wengine. Eti wanaahidi kuwapa watu wema na furaha kwa mina 3 au 4 tu. Kitu kikubwa namna hiyo, bei ndogo namna hiyo? Tena wanadai kufundisha uadilifu, lakini wanataka pesa ziwekwe kwa mtu wa tatu kwa sababu hawawaamini wanafunzi watakaowafundisha huo uadilifu. Ukiondoa majina, ungedhani ni ugomvi wa makocha wa Instagramu.

Pwani yetu ilikuwa na jibu la namna nyingine, nalo limehifadhiwa katika maneno. Aliyetaka kufundishwa kazi alitoa kiingilio. Njiani kulikuwa na ada, malipo yaliyowekwa na desturi kiasi kwamba hakuna aliyehitaji kuyajadili. Na mwanafunzi akihitimu, au nyumba ikikamilika, fundi alipewa kilemba. Kamusi za zamani zinaeleza kilemba hivyo: licha ya kile kitambaa cha kichwani, ni zawadi ya kumaliza kazi, inayopewa fundi, mwalimu, hata wazazi katika ndoa. Chuoni, mtoto akihitimu Kurani, furaha ilikuwa ya nyumba nzima na mwalimu alipata chake. Somo au kungwi aliyemfunda mwari naye hakutoka mikono mitupu. Palikuwa na leso na zawadi zake.

Tazama jinsi hatari ilivyogawanywa hapo. Kiingilio kilimlinda mwalimu: mwanafunzi akitoroka wiki ya pili, fundi hajapata hasara tupu. Kilemba kilimlinda mwanafunzi: fundi mvivu hakufika siku ya kuvikwa. Na ada, kwa kuwa ilijulikana na wote, ilimlinda kila mmoja dhidi ya ile aibu ya kutajiana pesa ana kwa ana. Mji mzima ulikuwa shahidi, kwa hiyo hapakuhitajika hekalu la kuapia. Kamukunji hadi leo ukitaka kufundishwa kufua masanduku ya mabati, hukosi kusikia habari ya kiingilio, hata kama hakiitwi hivyo.

Lugha hiyohiyo ikatupa onyo. Kuna kilemba cha ukoka, yaani sifa za bure, kilemba cha majani. Neno hilo lilinifaa mapema sana. Shirika moja jijini liliniomba niwafundishe maafisa wake siku nzima, na malipo yangu yakawa kutajwa kwenye ukurasa wao. Walisema nitapata kujulikana. Huo ulikuwa ukoka mtupu, na mbuzi wa mwenye nyumba wangu hali ukoka.

Sasa turudi kwa wale walioliazima jina la gari. Utani wa Oxford uliota mizizi zaidi Cambridge, ambako karne ya 19 mtihani wa hisabati uliamua maisha ya mtu. Matokeo yalitangazwa hadharani kwa mpangilio, wa kwanza hadi wa mwisho. Mihadhara ya chuo haikutosha kumpandisha mtu kwenye orodha ile, kwa hiyo wanafunzi walilipa makocha wa kibinafsi.

Mmoja wao alikuwa William Hopkins. Alianza kama mkulima, shamba likamshinda, akaliuza alipe madeni, akaingia chuoni akikaribia miaka 30. Alifaulu vizuri mwaka 1827, lakini alikuwa ameoa, na kanuni za wakati ule hazikumruhusu mwenye mke kupewa nafasi ya kudumu ya usomi chuoni. Alikuwa na familia, hana mshahara, na ujuzi wake ulikuwa kichwani tu. Hebu niambie huyo si mtu wa Nairobi. Akaanza kufundisha kwa malipo. Kufikia mwaka 1849 wanafunzi wake karibu 200 walikuwa wamepata daraja la kwanza, na 17 kati yao waliongoza mtihani mzima. Alimfundisha yule aliyekuja kuitwa Lord Kelvin. Alimfundisha James Clerk Maxwell. Alimfundisha pia Edward Routh, aliyempita Maxwell katika mtihani wa mwaka 1854 na kisha kuwa kocha mkubwa kuliko mwalimu wake, akiwa na wanafunzi zaidi ya 600 katika miongo mitatu.

Bei yao? Ilikuwa ya kawaida, inayojulikana na mji mzima: pauni 7 kwa muhula ukienda siku moja na kuruka moja, pauni 14 ukienda kila siku. Hapakuwa na kupatana. Umaarufu wa Hopkins na Routh haukuonekana kwenye bei bali kwenye foleni mlangoni. Routh alikusanya wanafunzi wa kiwango kimoja katika vikundi vidogo, akapanga saa zake kama ratiba ya treni. Saa moja ya kocha ikawa inalipwa na watu wengi, na hakuna aliyejiona amepunjwa. Aliyebeba hatari ni mwanafunzi, lakini orodha ya matokeo ilimpa namna ya kuipima kabla hajalipa. Hopkins hakuhitaji kujitangaza. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, ila lazima pawe na mahali ambapo uzuri unaonekana.

Sisi tulirithi upande mchungu wa mfumo huo. Chuo hicho ndicho kilichotunga mitihani ya sekondari iliyofanywa Kenya enzi za ukoloni, hadi Afrika Mashariki ilipounda baraza lake la mitihani baada ya uhuru. Mtihani unaoamua maisha huzaa soko la kuuza njia ya kuupita. Wengi wetu tulilikuta soko hilo likiitwa tuisheni: Agosti na Desemba darasani, pesa kwenye bahasha, na asiye nazo amesimama nje ya mlango. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 37, ilipiga marufuku tuisheni ya likizo, na anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, kufungwa hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Tatizo la tuisheni halikuwa kwamba mwalimu alilipwa. Mtoto hakuwa na hiari, na aliyebeba gharama ni mzazi ambaye alikwisha lipia mafunzo yaleyale. Hapo bei iligeuka kuwa ushuru wa barabarani.

Ukocha tunaouona sasa mitandaoni ni mdogo kiumri kuliko wengi wa wateja wake. Mwaka 1974 Timothy Gallwey, mwalimu wa tenisi Marekani, aliandika kitabu kilichosema mpinzani mkubwa wa mchezaji ni kichwa chake mwenyewe. Wakubwa wa makampuni wakakipenda. Mwaka 1992 Mwingereza John Whitmore, aliyewahi kuwa dereva wa mashindano ya magari, alichapisha kitabu kilichopeleka mawazo hayo maofisini. Mwaka huohuo Thomas Leonard, mshauri wa mambo ya fedha, alianzisha shule ya makocha, na mwaka 1995 akaanzisha shirikisho lao la kimataifa. Kutoka kwa watu kama hao tulirithi vifurushi vya mwezi na lile neno la kila siku, uwekezaji. Hukulipa, umewekeza. Ni neno janja. Anayewekeza anajua anaweza kupoteza, kwa hiyo ukiliitikia umeshakubali kubeba hatari yote bila kuambiwa.

Na hapa kwetu hakuna wa kuamua. Wakili ana amri ya ada inayoweka kiwango cha chini cha kutoza, na Sheria ya Mawakili, kifungu cha 36, inamkataza kwenda chini ya hapo. Akishusha bei avute wateja, amevunja sheria. Kocha hana sakafu wala dari. Anaweza kujiita kocha leo jioni na kutoza laki kesho asubuhi, au asitoze chochote hadi njaa imrudishe kutafuta ajira.

Hiyo bure nayo ina historia yake. Socrates hakutoza, na mbele ya mahakama alitoa umaskini wake kuwa ushahidi. Hapa nyumbani tuna mfano mzuri zaidi. Mwaka 1976 Brother Colm O'Connell alifika shule ya St. Patrick's, Iten, kufundisha jiografia. Akawa kocha wa wakimbiaji, na mmoja wao, David Rudisha, alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012, rekodi ya dunia. Kazi hiyo ni sadaka na naiheshimu. Lakini O'Connell ni mtawa, mwenye shirika linalomtunza, na hana karo ya mtoto. Bure yake ina anayeilipia, kwa hiari na kwa uwazi. Bure yangu ingelipiwa na dada yangu, kwa kuwa ndiye ningemwomba kodi.

Kwa hiyo nilichukua karatasi. Nyumbani nahitaji 60,000 kwa mwezi. Kukodi chumba cha kufundishia ni 8,000, intaneti na umeme 4,000, nauli 5,000, bima na akiba 3,000. Jumla 80,000. Kipindi cha saa moja hunila saa mbili na nusu ukijumlisha maandalizi na zile sauti za WhatsApp za usiku. Katika wiki ya saa 40, kumi zinaenda kutafuta wateja. Zilizobaki zinatosha vipindi 12, lakini kocha mgeni hapati 12. Akipata vitano ashukuru. Vitano kwa wiki ni 20 kwa mwezi, na 80,000 ukigawa kwa 20 ni 4,000. Hiyo elfu nne haisemi lolote kuhusu thamani yangu kama mtu. Ni nauli ya kufika mwisho wa mwezi. Nilipoiona hivyo, aibu ya kuitaja ilinitoka. Na kama mteja ni kampuni, nakumbuka kwamba malipo ya kitaalamu ya kuanzia 24,000 kwa mwezi hukatwa 5% ipelekwe KRA, basi nadai cheti cha makato na siyahesabu kama pesa ya mfukoni.

Bei ikabaki palepale. Nilichobadilisha ni namna ya kuibeba, na mtu wa kwanza kuonyeshwa alikuwa yule mama wa Gikomba. Vipindi sita ni 24,000. Elfu nane ni kiingilio, na hairudi, maana siku nilizomtengea siwezi kumuuzia mwingine. Elfu nane nyingine baada ya kipindi cha tatu, akiwa ameshanifungua na kuona kilichomo. Asiporidhika anasimama hapo, hatudaiani. Elfu nane ya mwisho ni kilemba. Inalipwa siku atakaposimama mbele ya watu sita asiowajua na kusema dakika tano bila karatasi. Kipindi cha sita kikifika hajaweza, naendelea kumfundisha bila kuongeza shilingi. Kushinda uchaguzi hakumo katika mapatano. Kura ziko mikononi mwa wanachama, na mimi nimesoma kisa cha Euathlus.

Alisoma karatasi mara mbili, akaniuliza, "Na hao watu sita watatoka wapi?"

"Nitawatafuta mimi."

"Sawa. Lakini wasiwe marafiki zako, watanipigia makofi ya bure."

Hata kilemba cha ukoka alikijua kunizidi.

Wapo wasioweza elfu nne kwa namna yoyote, na hao ndio wengi: waliomaliza chuo, wana mahojiano wiki ijayo, na nauli ya kwenda huko ni ya kukopa. Kwao nimemwiga Routh. Jumamosi asubuhi, watu sita, kila mmoja 700. Hiyo ni 4,200 kwa kipindi. Chumba kinalipwa, nami nalipwa, na wao kwa wao wanakuwa hadhira. Bei zote mbili zimeandikwa mahali pamoja, na rafiki yangu analipa ileile anayolipa mgeni. Ada ikijulikana na wote, hakuna anayelala akijiuliza mwenzake alitozwa ngapi.

Kama nawe umeanza juzi, uwe unafundisha gitaa, mbio au Kijerumani, sina namba ya kukupa. Hesabu ya mwezi wako unaijua mwenyewe. Ninachoweza kukupa ni swali la kuandika juu ya karatasi kabla ya namba: likiharibika njiani, nani anabeba? Ukikuta ni mteja peke yake, mpe sababu ya kukuamini au mpunguzie mzigo. Ukikuta ni wewe peke yako, jiulize kama una jina la Protagoras au shirika la kukutunza. Ukikuta ni mtu wa tatu ambaye hakuulizwa, mzazi, mke, dada, mwenye nyumba, basi bei hiyo bado haijapangwa, hata kama umeshaitangaza.